Jiwe la Mama halikuwa ndani ya mfereji

Mama alianza kujikuna usiku. Dada yangu mdogo, anayeishi naye Tororo, alidhani ni sabuni mpya ya kufulia, kwa hiyo sikupigiwa simu mpaka siku kumi zilipopita. Nilipofika Ijumaa jioni nilimkuta uani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mkononi ana gunzi la mahindi. Alikuwa anajisugua nyayo nalo polepole, wa kushoto, kisha wa kulia, kisha viganja, halafu anarudi kwenye nyayo. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechubuka, na michirizi ya damu imekaukia hapo. Nilimshika kidevu nikamgeuza uso uelekee jua la magharibi. Weupe wa macho ulikuwa umeingia unjano wa kiini cha yai la kienyeji.

"Mama, choo chako siku hizi kina rangi gani?"

"Mwanangu, maswali hayo unamwuliza mama yako uani, majirani wanasikia?"

Tukaingia ndani. Akaniambia kwa aibu, ameangalia pembeni, kwamba choo kimekuwa kama udongo wa mfinyanzi uliokauka na mkojo kama chai ya rangi iliyokolea majani.

Kazi yangu ni altrasaundi. Nilisomea Mengo, Kampala, na sasa ni mwaka wa tisa napima wagonjwa katika chumba kimoja kidogo mjini Mbale. Kwa hiyo jibu lake lilinikalia kifuani kabla hajamaliza kulitoa. Nyongo ndiyo inayokipa choo rangi yake. Ini huitengeneza usiku na mchana, ikateremka kwa mfereji mpaka utumbo mwembamba kusaidia kuyeyusha mafuta. Mfereji ukizibika, choo kinapauka kwa kuikosa nyongo, nyongo inarudi nyuma mpaka kwenye damu, macho yanageuka njano, figo zinahangaika kuitoa na mkojo unakuwa mweusi. Ngozi nayo inawasha, hasa viganja na nyayo, hasa usiku. Mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja, fikiria kwanza kwamba kuna njia imezibwa.

Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho Mama alichotumia kuniuliza kila kitu. Baba alikuwa askari, sisi watoto tumekulia kambini Rubongi, na lugha ya nyumbani kwetu ni hiyo. Madaktari walinieleza kwa Kiingereza, nami nikawa nageuka upande wa kitanda kumweleza Mama, na mara nyingi nilikwama. Maneno niliyoyapata kwa shida nayaweka hapa, yamfae mwingine aliyekaa kwenye benchi la wodi na mzazi wake.

Kuna jambo lazima niliseme mapema. Miezi 14 kabla ya Ijumaa ile, mimi mwenyewe nilimpima Mama nikaona mawe katika mfuko wake wa nyongo. Alikuwa akipata maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi kwenye bega, hasa akila nyama ya mbuzi au chapati zenye mafuta. Kliniki moja ya jirani ilikuwa imemtibu vidonda vya tumbo kwa karibu miaka miwili: omeprazo, dawa nyeupe ya maji ya kutuliza asidi, na kila akipata homa, dawa ya malaria hata kama kipimo kimesema hakuna malaria. Huku kwetu kila maumivu ya tumbo la juu yanaitwa vidonda. Nilipoona mawe nilifurahi kwamba nimeupata ukweli, nikamwambia apunguze mafuta, nikarudi kazini. Sikumpeleka kwa daktari wa upasuaji. Naijua kanuni: mawe yasiyouma mara nyingi huachwa, mawe yanayouma huondolewa pamoja na mfuko wake. Ya Mama yalikuwa yanauma. Naumia nikikumbuka.

Jumamosi alfajiri nilimpandisha garini, hajala chochote tangu saa mbili usiku, maana mfuko wa nyongo ukishapata chakula unajikunja na huoni kitu. Nilimlaza kwenye kitanda changu cha kazi, nikampaka jeli, nikaanza.

Kipimo cha kwanza, kile cha miezi 14 nyuma, nilimwambia alale ubavu wa kushoto, nikaona mawe yakiviringika ndani ya mfuko kama kokoto kwenye kibuyu. Safari hii madogo yaliviringika, lakini moja kubwa lilibaki pale pale shingoni mwa mfuko. Nilimgeuza tena. Nikamketisha. Nikamwambia akohoe. Jiwe halikusogea hata kidogo. Nyuma yake lilitupa kivuli cheusi kilichonyooka, na mfuko wenyewe ulikuwa umesinyaa, kuta zake nene, umelikumbatia.

Kisha nikaenda kwenye mfereji. Kwa mtu mzima upana wake kwa kawaida hauzidi milimita 6 au 7. Juu ya lile jiwe ulikuwa milimita 13, na mirija midogo ndani ya ini, ambayo kwa mtu mzima wa afya huioni kwa urahisi, ilikuwa imetanuka ikachanua kama matawi ya mti usio na majani. Nikateremka. Chini ya jiwe, milimita 4. Kawaida kabisa. Nikarudia mara tatu nikitarajia kwamba mkono wangu umekosea.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Jiwe likianguka ndani ya mfereji, na hilo ndilo tatizo linalojulikana zaidi, mfereji unatanuka mpaka pale lilipokwama, na mara nyingi hukwama chini karibu na utumbo. Uvimbe wa kichwa cha kongosho nao hutanua mfereji wote tangu juu mpaka chini, na mara nyingi mfuko wa nyongo unajaa na kutuna bila kuuma; daktari Mswisi Courvoisier aliliandika hilo mwaka 1890. Kwa Mama mfuko ulikuwa umesinyaa na mfereji wa chini ni mwembamba. Jiwe lilikuwa nje ya mfereji, jirani yake, ndani ya shingo ya mfuko wa nyongo, na kwa kuwa shingo ile hupakana na mfereji mkuu, lilikuwa linaubana kutoka pembeni. Mtu akiegemea hosi ya bustani kwa goti, maji yanakatika ingawa ndani ya hosi hakuna kitu.

Sikuandika jina la ugonjwa kwenye ripoti. Niliandika nilichokiona na vipimo vyake, juu 13, chini 4, jiwe halisogei. Nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu daktari wa upasuaji baadaye aliniambia mstari huo ndio uliomfanya aitafute picha nyingine kabla ya kushika kisu.

Usiku wa Jumamosi homa ilimpanda Mama akatetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. Jirani mmoja, mama mwenye huruma kweli, alileta majani machungu ya mululuza, dawa ya kienyeji, yaliyopondwa. Dada akataka tukanunue dawa ya malaria. Nikakataa yote mawili kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia nyumbani kwetu. Maumivu upande wa kulia, macho ya njano, homa ya kutetemeka: utatu huu ulielezwa na Mfaransa Charcot mwaka 1877, na maana yake ni kwamba nyongo iliyotuama imeingiwa na vijidudu. Ukifika kwenye kuchanganyikiwa na presha kushuka, mtu anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kaka yetu mkubwa alipata gari saa tisa usiku.

Barabara ya Tororo kwenda Kampala inapita Iganga na Jinja. Tulivuka daraja jipya la Nile jua likichomoza, Mama amelala kichwa kikiwa mapajani mwangu, anauliza kila baada ya muda tumefika wapi. Tulipofika Namawojjolo, soko la vyakula kando ya barabara, vijana walizunguka gari na kuku wa kuchoma, na harufu ile tu ilimfanya atapike.

Hospitalini walimwekea dripu na dawa za kuua vijidudu, seftriaksoni na metronidazo, kabla hata ya majibu kutoka. Bilirubini yake, ile rangi ya njano ya nyongo iliyorudi kwenye damu, ilikuwa miligramu 13.8 kwa desilita. Ya kawaida haizidi kama 1.2. Kipimo cha homa ya ini B hakikuonyesha kitu. Damu yake ilikuwa inachelewa kuganda, na hilo walilitarajia. Vitamini K huyeyuka katika mafuta, na mwili haunyonyi mafuta bila nyongo, kwa hiyo mgonjwa aliyezibika siku nyingi anaweza kuvuja damu vibaya akichanwa. Wakamchoma sindano ya vitamini K siku tatu mfululizo. Nimeona wagonjwa wangapi wa macho ya njano miaka tisa, na hilo la vitamini K nilikuwa nimelisahau tangu darasani.

Kisha likaja jibu lililotuvunja. Kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, ambacho kwa kawaida huwa chini ya 37, kilisoma 412. Kaka aliuliza mtandaoni akaona neno saratani, akatoka wodini akasimama kwenye ngazi. Daktari alimfuata kule kule. Alimweleza kwamba kipimo kile hupanda kwa saratani ya mirija ya nyongo na kongosho, ndiyo, lakini hupanda pia nyongo ikizibwa tu na kuingiwa na vijidudu, na hushuka njia ikifunguliwa. "Tuifungue kwanza, halafu tupime tena." Hakutuahidi chochote zaidi ya hapo, na nilimheshimu kwa hilo.

Picha iliyofuata ni ya MRI inayolenga mirija ya nyongo, wao wanaiita MRCP. Haihitaji dawa ya rangi kuchomwa. Nyongo yenyewe, kwa kuwa ni maji, ndiyo inayong'aa. Nilipoonyeshwa niliiona kwa macho yangu: mti mweupe wa mirija ndani ya ini, shina linashuka, kisha upande wa kulia wa shina pana mbonyeo uliojipinda kama alama ya kidole gumba kwenye unga, na chini yake mfereji unaendelea, mwembamba, mzima. Hapakuwa na jiwe ndani ya mfereji.

"Hii inaitwa sindromu ya Mirizzi," daktari akasema.

Mama, ambaye tulidhani amelala, akauliza, "Huyo Mirizzi alikuwa mgonjwa au daktari?"

Alikuwa daktari. Pablo Mirizzi, mpasuaji wa Córdoba, Argentina, ambaye mwaka 1931 alianza kupiga picha za eksirei za mirija ya nyongo mgonjwa akiwa bado juu ya meza ya upasuaji. Mwaka 1948 aliandika kuhusu wagonjwa ambao mfereji wao wa ini ulizibika kwa sababu ya jiwe lililokuwa kando. Yeye alidhani mfereji unajikaza wenyewe kama msuli. Baadaye ikajulikana kwamba jiwe na uvimbe ndivyo vinavyobana. Ni hali ya nadra hata miongoni mwa wenye mawe ya nyongo. Mimi katika miaka tisa sina uhakika kama niliwahi kuiona, na hilo linanisumbua zaidi, kwa kuwa sikuwa napima juu na chini ya jiwe. Nilikuwa nashika upana mmoja, naandika, naita mgonjwa mwingine.

Na wenye mawe ni wengi kuliko tunavyodhani. Si akina mama wanene wa makamo peke yao. Watoto wenye seli mundu wanayapata mapema sana, kwa sababu chembe zao nyekundu zinavunjika ovyo na mabaki yake yanaganda kuwa mawe meusi. Uganda, katika utafiti mkubwa wa watoto wachanga uliochapishwa mwaka 2016, 13.3 katika kila 100 walikuwa wamerithi seli mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, na 0.7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Mtoto wa seli mundu mwenye macho ya njano, watu husema ni kawaida yake. Mara nyingi ni kweli. Muulize choo.

Kwanza walimfungulia njia. Waliingiza kamera mdomoni ikashuka mpaka utumbo mwembamba, pale mfereji unapomwagia, wakapitisha waya mwembamba kwenda juu, ukapita pembeni ya ule mbonyeo, na juu ya waya wakaweka stenti, mrija wa plastiki. Kamera ile isingeweza kulitoa jiwe, kwa kuwa jiwe halikuwemo mferejini. Ilichoweza ni kuipa nyongo njia. Stenti ya plastiki huziba baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo ilikuwa ya kununua muda tu.

Siku ya tatu dada alinipigia simu kutoka wodini, analia. Nilishtuka. "Kimekuwa cha kahawia! Choo cha Mama!" Tukalia wote wawili, yeye kule, mimi kwenye foleni ya duka la dawa.

Wiki sita baadaye bilirubini ilikuwa imeshuka mpaka 1.6, na ile CA 19-9 ikawa 41. Ndipo upasuaji. Niliuliza kwa nini asifanyiwe ule wa matundu madogo, mgonjwa anaondoka kesho yake. Daktari alichora kwenye kipande cha karatasi ya dripu. Katika upasuaji wa kawaida wa mfuko wa nyongo, alisema, unatafuta mrija mdogo unaotoka shingoni, unaufunga, unaukata. Kwa Mama shingo, mrija mdogo na mfereji mkuu vilikuwa vimegandamana kwa uvimbe wa miaka. Mpasuaji asiyejua anaweza kuushika mfereji mkuu akiamini ni ule mdogo, akaukata. Wako wagonjwa wengi ambao Mirizzi yao imegunduliwa mezani, tumbo likiwa tayari wazi. Ndiyo maana picha za kabla ni muhimu kuliko ustadi wa mkono, alisema, na huyo ni mtu mwenye mikono ambayo wenzake wanaisifu.

Alinieleza pia madaraja yaliyopangwa na Csendes wa Chile mwaka 1989. La kwanza, jiwe linabana tu. La pili, jiwe limekula ukuta likatoboa tundu kati ya mfuko na mfereji, chini ya theluthi ya mzunguko wake. La tatu, tundu limefika theluthi mbili. La nne, ukuta wote wa mfereji umeliwa, na hapo inabidi kuleta utumbo mwembamba juu na kuushona kwenye mirija ya ini. Sikumweleza Mama la nne.

Nusu kaputi aliingia saa tatu asubuhi, akatoka saa nane. Daktari alianzia kitako cha mfuko, mbali na pale palipogandamana, akaufungua na kulitoa jiwe kwa ndani. Jiwe lilipotoka, nyongo ikabubujika kutoka pale lilipokuwa, na ndani ya tundu akaiona stenti. Daraja la pili. Hakuung'oa mfuko wote. Aliacha kipande cha ukuta wake, akakigeuza kiraka cha kuzibia tundu, akaitoa stenti, na kupitia tundu jingine dogo chini ya kiraka akaweka bomba la mpira lenye umbo la herufi T. Mikono miwili ya T inakaa ndani ya mfereji, mguu unatoka nje ya tumbo mpaka kwenye mfuko wa plastiki.

Jiwe tuliletewa kwenye kichupa. Lina ukubwa wa mbegu ya fenesi, la kahawia, upande mmoja limelainika mahali lilipokuwa likisuguana na mfereji. Mama alilishika muda mrefu, akaligeuza na kulipitishia ukucha pale palipolainika, kisha akalirudisha chupani na kuomba maji ya kunawa.

Bomba lile ndilo lililomtesa kuliko kidonda. Alilifunika kwa leso hata tukiwa sisi wawili tu chumbani. Kila asubuhi dada alimimina nyongo kwenye kikombe cha kupimia na kuandika daftarini: 350, 320, 280. Rangi ya dhahabu inayoelekea kijani, safi. Tulielekezwa tuangalie kama imeingia usaha au damu, kama imekoma ghafla, na tuhakikishe bomba limebandikwa vizuri lisije likavutwa akigeuka usingizini. Baada ya wiki mbili walianza kulibana kwa saa chache. Wiki ya nne wakapitisha dawa ya rangi ndani yake na kupiga eksirei. Dawa ilishuka mpaka utumbo bila kuvuja, wakalivuta. Mama alisema aliuma ulimi kwa kutegemea maumivu ambayo hayakuja.

Kile kipande cha mfuko kilichokatwa kilipelekwa maabara, kwa kuwa jiwe lililosugua mahali pamoja kwa miaka linaweza kuwa limeficha saratani ya mfuko wa nyongo, na Mirizzi na saratani hiyo zimeonekana kwenda pamoja mara nyingi kuliko bahati tu. Majibu yalichukua wiki tano. Kaka ndiye aliyeyapokea, akatusomea kwenye simu neno kwa neno, na nilimwambia arudie mstari wa mwisho: kuvimba kwa muda mrefu, hakuna saratani.

Chumbani kwangu Mbale sasa kila mwenye mawe ya nyongo namgeuza ubavu, namketisha, na mfereji naupima mahali pawili. Inaniongezea dakika tatu au nne. Foleni inanung'unika, lakini siwezi tena kumruhusu mtu aondoke bila hilo. Na ripoti ya mtu mwenye mawe yanayouma naimalizia kwa kuandika aonwe na daktari wa upasuaji, halafu namweleza mwenyewe kwa mdomo, kwa lugha anayoielewa.

Mfereji wa Mama ulioshonwa unaweza kusinyaa baadaye, hata baada ya miaka, kwa hiyo anapimwa damu ya ini kila miezi mitatu kwa mwaka huu wa kwanza. Safari inayofuata ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Dada amebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba chake, kwa herufi kubwa ili naye Mama aisome bila miwani: mwasho, mkojo mweusi, choo cheupe, homa ya kutetemeka. Chini yake ameandika namba ya simu ya dereva yule wa saa tisa usiku.